Rimoti ya pampu: Anayesikiliza ndiye anayekula betri

PAMPU iko mtoni, shamba liko juu, na mwenye shamba yuko katikati akihesabu hatua. Hiyo ndiyo hali ya wakulima wengi wa vitunguu na nyanya wanaotegemea umwagiliaji, kuanzia Ruaha Mbuyuni na Ilula hadi mabonde ya mto Pangani. Mtu hushuka kuwasha, hupanda kuangalia maji yamefika wapi, hushuka tena kuzima, kisha hurudi nyumbani.

Tuchukulie umbali ni mita 600. Kushuka na kupanda mara mbili ni kilomita 2.4. Akimwagilia asubuhi na jioni, anatembea kilomita 4.8 kwa siku, kazi ya zaidi ya saa moja kwenye mteremko. Kwa msimu wa siku 100 hizo ni saa 100 na ushei, sawa na siku 12 au zaidi za kibarua anayefanya kazi saa nane. Kama kibarua hulipwa Sh10,000 kwa siku, miguu ya mkulima inagharimu Sh120,000 kwa msimu, ingawa hakuna anayeiandika kwenye daftari.

Ndiyo maana rimoti za kuwashia pampu na kufungulia koki za maji zimepata wateja. Maduka ya vifaa vya umeme ya Kariakoo, na sasa hata ya miji midogo, yanauza vikasha vya kila aina, vingine bei ya kilo chache za nyama, vingine bei ya mbuzi. Muuzaji husifia mambo mawili, bei na umbali, na mnunuzi naye huuliza hayo hayo mawili. Swali la tatu, ambalo ndilo linaloamua kama kifaa kitadumu au kitatupwa nyuma ya banda, huulizwa na wachache. Nalo ni hili: kifaa hicho kinakula umeme kiasi gani wakati hakifanyi kitu?

Watu wengi hudhani kwamba inayomaliza betri ni rimoti iliyoko mkononi. Sivyo. Rimoti ya mkononi hulala siku nzima na huamka kwa sekunde moja tu kidole kinapobonyeza. Betri yake ndogo inaweza kukaa mwaka au zaidi. Mlaji ni kile kisanduku kilichofungwa kwenye pampu au kwenye koki, yaani kipokezi. Chenyewe hakijui amri itakuja saa ngapi, kwa hiyo hukaa macho usiku na mchana kikisikiliza, mithili ya mlinzi asiye na zamu.

Hesabu ya siku ya kumi na saba

Vipokezi vya bei nafuu vinavyotumia masafa ya megahezi 433, ambavyo ndivyo vilivyojaa madukani, hutumia takriban miliampea 5 vikiwa vinasikiliza. Ni umeme kidogo sana, hauwezi kuwasha hata balbu ya tochi. Lakini miliampea 5 mara saa 24 ni miliampea-saa 120 kwa siku. Betri nzuri za alkali za ukubwa wa zile za rimoti ya redio, nne zilizopangwa mfululizo kupata volti 6, zina akiba ya miliampea-saa 2,000 hivi. Gawanya 2,000 kwa 120. Zinaisha baada ya siku 16 au 17, hata kama pampu haikuwashwa mara moja.

Zile betri kavu za bei ya chini, ambazo ganda lake la nje ni zinki, mara nyingi hazifiki nusu ya hapo. Nazo zikiachwa ndani ya kisanduku baada ya kuisha huvuja na kula shaba za saketi.

Kwa bei ya kukadiria ya Sh1,000 kwa betri moja ya alkali, mkulima atabadilisha seti sita katika msimu wa siku 100. Hizo ni betri 24, Sh24,000. Ukilinganisha na Sh120,000 za miguu bado rimoti inalipa, na si fedha ya kumfilisi mtu. Hasara yenyewe iko kwenye siku hiyo ya kumi na saba. Betri haipigi hodi kabla ya kuondoka. Ikifa pampu ikiwa imezimwa, mkulima atabonyeza na hatapata maji, atashuka kuangalia, basi. Ikifa pampu ikiwa inafanya kazi, hakuna amri ya kuzima itakayosikika. Maji yatafurika kwenye majaruba, mbolea ya urea iliyowekwa juzi itazama chini ya mizizi, na kama ni kisima, pampu itavuta hewa hadi iungue.

Kuna njia ya kupunguza ulaji huo bila kuongeza betri. Kipokezi kinaweza kufundishwa kulala na kuchungulia. Badala ya kukaa macho muda wote, kinaamka kwa sehemu ndogo ya sekunde, kinasikiliza kama kuna anayeita, kisha kinalala tena. Kikiwa macho kwa asilimia moja tu ya muda, ulaji wa miliampea-saa 120 unashuka hadi 1.2 kwa siku. Kwa karatasi, betri zile zile zingekaa zaidi ya miaka minne. Kwa vitendo hazitafika huko, kwa sababu betri huzeeka zenyewe na saketi ina walaji wengine wadogo, lakini mwaka mmoja au miwili ni jambo la kawaida.

Gharama yake ni subira. Ili mlinzi anayesinzia asikie, anayeita lazima aite kwa muda mrefu zaidi ya usingizi wake. Kipokezi kinachochungulia mara moja kwa sekunde kinahitaji rimoti inayopaza amri kwa zaidi ya sekunde moja. Kwa koki ya maji hilo si tatizo kabisa. Kwa king'ora cha duka, huenda likawa.

Amri inaweza kusubiri?

Hapo ndipo lilipo swali la msingi ambalo mnunuzi anapaswa kujiuliza kabla ya kutaja bei. Amri inaweza kusubiri kwa muda gani? Taa ya banda la kuku inatakiwa iwake sasa hivi. Geti la zizi linatakiwa lifunguke mtu akiwa amesimama mbele yake. Lakini koki ya kumwagilia robo eka ya nyanya, ikifunguka dakika tano baada ya amri, nyanya hazitajua. Kadiri amri inavyoweza kusubiri, ndivyo betri inavyodumu, na ndivyo mkulima anavyoweza kununua teknolojia ya masafa marefu bila kufilisika kwa betri.

Mfano mzuri ni LoRa, teknolojia ya redio iliyoanzia kwa kampuni changa ya Ufaransa, Cycleo, ambayo ilinunuliwa na kampuni ya Semtech ya Marekani mwaka 2012. Redio hizo hutuma ujumbe mfupi polepole sana, na kwa sababu ya upole huo ujumbe husikika kilomita kadhaa mahali palipo wazi. Katika utaratibu wake wa kubana umeme, kifaa cha shambani hakisikilizi hovyo. Huamka kwa ratiba, tuseme kila baada ya dakika 10, hutuma taarifa fupi, kisha hufungua sikio kwa muda mfupi sekunde moja baadaye na sekunde mbili baadaye. Amri ya mkulima husubiri kituoni hadi wakati huo. Baada ya hapo kifaa hulala usingizi ambao hautumii hata elfu moja ya miliampea kwenye chipu ya redio.

Wapo wanaouza vifaa hivyo hivyo vikiwa vimewekwa katika utaratibu wa kusikiliza muda wote, kwa sababu mteja anapojaribu dukani hufurahi kuona koki ikijibu papo hapo. Akifika shambani hula miliampea 10 au zaidi saa zote, mara mbili ya kile kikasha cha bei nafuu. Jina la teknolojia peke yake halimwambii mnunuzi lolote kuhusu betri.

Njia nyingine zina mahali pake. Rimoti ya mwanga wa infraredi, kama ya televisheni, ni rahisi na kipokezi chake hutumia chini ya miliampea mbili, lakini haipiti ukuta, haizidi mita 10 hivi, na jua kali huivuruga. Ifae ndani ya banda la vifaranga au ndani ya duka, si zaidi. Bluetooth ya kubana umeme, iliyokuja na toleo la nne mwaka 2010, inafaa pale mtu anapotaka kutumia simu yake ya mkononi kama rimoti akiwa umbali wa makumi ya mita, na betri ya kitufe ya volti 3, yenye miliampea-saa 220 hivi, inaweza kuendesha kifaa chake kwa miezi mingi. Zigbee ina uzuri wa vifaa kupokezana ujumbe, kimoja hadi kingine. Kasoro yake kwa shamba ni kwamba vile vya kupokezana lazima vikae macho, kwa hiyo vinahitaji umeme wa uhakika ambao katikati ya shamba la vitunguu haupo.

Na simu? Nchini India, mhandisi Santosh Ostwal wa Pune alijijengea jina kwa kifaa chake cha Nano Ganesh, kinachomwezesha mkulima kuwasha pampu kwa simu ya mkononi akiwa popote. Kule pampu nyingi zimeunganishwa na gridi ya taifa, hivyo kifaa hakina shida ya chakula. Kwenye betri hali ni nyingine. Moduli ya kawaida ya simu ikiwa imetulia mtandaoni hutumia takriban miliampea 18, yaani miliampea-saa 432 kwa siku. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 7, ukubwa wa ile ya pikipiki, ambayo haipaswi kunyonywa zaidi ya nusu, itaiendesha kwa siku nane. Kibaya zaidi, moduli hizo zinapoongea na mnara huvuta hadi ampea 2 kwa kupasukapasuka. Betri ndogo kavu haziwezi kutoa kiasi hicho; volti hushuka, moduli hujizima na kujiwasha upya, na mkulima hudhani mtandao ni mbovu.

Ukiweka paneli ndogo ya sola, hata ya wati 5, hesabu hugeuka na simu huwa chaguo zuri kwa shamba lililo mbali na nyumbani. Ila kuna gharama za pembeni. Laini lazima isajiliwe kwa jina la mtu, iwekewe salio, na ikikaa kimya muda mrefu hufungwa. Tena nchi kadhaa zimekwisha kuzima mitandao ya kizazi cha pili. Singapore ilifanya hivyo mwaka 2017. Anayenunua kifaa cha kutumia miaka kumi aulize kama kinashika pia mitandao ya kizazi cha nne.

Koki yenyewe

Kuna mlaji mwingine anayesahaulika, na huyu ndiye mkubwa kuliko wote. Koki ya umeme ya kawaida hufunguka kwa sumaku ya umeme, na hubaki wazi kwa muda wote ambao umeme unapita. Koki ya volti 12 inaweza kutumia miliampea 400. Ikiwa wazi kwa saa tatu inakula miliampea-saa 1,200, sawa na siku kumi za kile kipokezi tulichokilalamikia hapo juu. Mkulima anaweza kuhangaika na redio bora kuliko zote duniani, halafu koki ikamla kila kitu asubuhi moja.

Dawa yake ni koki ya kushika, ile inayopewa msukumo mmoja mfupi kufunguka, ikajishikilia yenyewe kwa sumaku ya kudumu, na kupewa msukumo wa kinyume kufunga. Msukumo wa ampea 2 kwa sehemu ya kumi ya sekunde hautumii hata sehemu ya kumi ya miliampea-saa moja. Zinauzwa ghali kuliko za kawaida, na muuzaji asiyezijua atasema hazipo. Anayemwagilia kwa betri hana njia nyingine ya maana.

Hali ni hiyo hiyo kwa relei, ile swichi ndogo ndani ya kisanduku. Relei ya kawaida ya volti 12 hutumia takriban miliampea 30 kwa muda wote ambao pampu inafanya kazi. Ipo ya kushika pia.

Wenye pampu za sola wana bahati ambayo wengi wao hawaijui. Vidhibiti vingi vya pampu hizo vina sehemu ya kuunganisha boya la tangi, nyaya mbili zinazopitisha umeme mdogo tu. Relei ya rimoti ikiunganishwa hapo, haibebi mzigo wa mota, na kisanduku kidogo kinatosha. Zaidi ya hapo, pampu inayotegemea jua peke yake haihitaji kusikiliza usiku, kwa hiyo kipokezi kinaweza kulishwa na paneli ile ile kupitia kipunguza volti. Jua likichwa vyote vinalala, na betri haihitajiki. Kwa upande wa pampu za umeme wa volti 220, mkulima asidanganyike na maandishi ya ampea 10 juu ya relei ndogo. Mota inapoanza huvuta mara kadhaa ya kiwango chake cha kawaida. Relei iwashe kontakta, na kontakta ndiyo iwashe pampu, kazi ya fundi umeme mwenye leseni.

Umbali unaoandikwa kwenye boksi ni wa uwanja wazi bila mti wala mtu. Mahindi yakiwa ya magoti, rimoti itafika. Yakibeba mbelewele na majani yakalowa mvua, umbali hupungua, hasa kwa Bluetooth na Zigbee, ambazo masafa yake ya gigahezi 2.4 hunyonywa sana na majani mabichi. Banda la mabati huzuia karibu yote. Mara nyingi kuinua antena mita tatu juu ya mti mkavu huleta faida kuliko kununua rimoti ya nguvu zaidi. Waya wa antena nao una kipimo chake: sentimita 17 kwa megahezi 433, sentimita 8.6 kwa megahezi 868. Aliyeukata ili kisanduku kifungike vizuri ameukata umbali.

Wafanyabiashara wanaoagiza mizigo nje wachunge tarakimu moja. Vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani huandikwa 915. Huku kwetu sehemu ya masafa hayo, megahezi 890 hadi 915, hutumiwa na simu za mkononi kupeleka sauti mnarani. Kifaa cha namna hiyo kinaweza kuingilia mawasiliano ya watu, na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, hutaka vifaa vya redio viwe vimeidhinishwa kabla ya kuuzwa. Mzigo wa 433 au 868 uliofika na vyeti vyake una usumbufu mdogo bandarini na kwa wateja.

Suala la wizi nalo lisipuuzwe. Rimoti nyingi za bei nafuu hutuma namba ile ile kila siku, na rimoti tupu za kunakili zinauzwa waziwazi. Kwa taa ya kuku si neno. Kwa geti la ghala la mpunga, inafaa ile ambayo namba yake hubadilika kila inapobonyezwa.

Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi aombe mambo matatu dukani. Kwanza, mita ya fundi iunganishwe mfululizo kati ya betri na kipokezi, rimoti ikiwa mezani. Namba itakayosomeka izidishwe kwa 24, kisha akiba ya betri igawanywe kwa jibu hilo, na siku za betri zitajulikana pale pale. Kwa kifaa kinacholala mita hurukaruka, kwa hiyo muuzaji aulizwe wastani wake ulioandikwa kwenye karatasi ya kiwanda. Pili, aulize kama kipokezi hurudisha jibu la kuthibitisha, taa au mlio kwenye rimoti, kwamba amri imefika. Tatu, kiwe na saa ya ndani ya kujizima, ili pampu ikishafanya kazi kwa muda uliopangwa, tuseme saa mbili, izimike yenyewe hata kama hakuna aliyebonyeza. Saa hiyo iendelee kuhesabu hata mawasiliano yakikatika, na betri ikishuka chini ya kiwango salama kifaa kifunge koki kwa nguvu iliyobaki kabla hakijazimika. Muuzaji anaweza kuonyesha hilo kaunta kwa kuwasha, kuondoa rimoti, na kusubiri.